Maji Safi kwa Mbuzi Mwekundu

Masalu wa Mwakitolyo alikulia kwenye mifugo ya watu. Ukiwekeshwa ng'ombe wa mwenzio, akiugua unamtibu kimyakimya. Ukimtangaza kwa mwenyewe utaambiwa umemshindisha njaa. Ndivyo alivyolelewa, na uzeeni hakuna aliyemwambia kwamba kuna kazi isiyoenda hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchunga mbuzi wa utafiti. Daktari Anisia, mtaalamu wa mifugo, alitaka kujua zebaki, ile ya kunasia dhahabu inayotumiwa na wachimbaji wa pale, inamfanya nini mnyama, maana watoto wa pale wanakunywa maziwa ya mbuzi. Kwa hiyo mbuzi wake wote walinyweshwa maji ya bwawa la kuoshea dhahabu. Anisia hakuwa katili, tusimsingizie. Alijenga banda lenye kivuli, akapiga marufuku fimbo, na wa kuchunguzwa maini alimlaza kwa sindano kabla ya kisu.

Mbuzi mwekundu akaanza kutetemeka miguu. Roho ikamuuma Masalu vibaya sana. Akawa anamchotea maji ya kisima na kumnywesha pembeni, akijua fika amekatazwa. Huruma gani hiyo ya kujificha, utauliza. Ndiyo aliyoijua.

Majibu ya damu yalipotoka, Anisia alimfuata bandani.

"Shikamoo, Baba Mbuke."

"Marahaba, Daktari."

"Huyu mwekundu anakunywa maji gani?"

Masalu akasema yote. Anisia akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, hata nguvu ya kugomba hana.

"Baba, ungeniambia anatetemeka, ningemtoa siku ileile, akatibiwa. Taratibu zetu ndizo hizo, mgonjwa haachwi ateseke. Sasa sijui nani mwingine kaonja ya kisima, nani atayaamini majibu yangu? Waliokwisha kufa wamekufa bure. Tunaanza upya na wengine."

"Na hawa waliobaki?"

"Wana zebaki mwilini. Hawauziki, hawaliwi. Watalazwa kwa sindano, wasiamke tena."

"Na mwekundu?"

"Naye, Baba."

Masalu alitaka kuacha kazi. Lakini hao mbuzi wapya angewaachia nani, wale wababe wa mashimoni wanaopiga teke kila mbwa? Akabaki, moyo mzito kama jiwe.

Lori likaja na mbuzi kutoka Kagongwa. Akawashusha kwa kuwakumbatia, maana walikuwa wamechoka na safari. Kisha akachukua ndoo, akaenda kuchota bwawani. Akawanywesha wote kwa mkono wake, na kila mmoja akanywa mpaka akatosheka.