Ukanda wa Mpira Chini ya Goti

Kaka yangu ni fundi wa vigae. Kwa miaka kumi na tisa ameishi karibu na sakafu kuliko na watu, hata mkewe humtania kwamba wageni anawatambua kwa viatu. Kampuni yake haijawahi kuwapa mafundi kinga za magoti. Walijitengenezea wenyewe: kipande cha sponji ya godoro, na ukanda wa mpira wa tairi uliokazwa chini ya goti ili sponji isiteleze. Aliyekaza zaidi ndiye aliyesifiwa. Uhaba ambao mwajiri alipaswa kuuonea haya, mafundi waliugeuza kuwa ustadi.

Mwezi uliopita walikuwa wakiweka vigae kwenye ukumbi wa hospitali. Siku ya nne, aliposimama kwenda kula, wayo wake wa kulia ulikataa kunyanyuka. Kisigino kilitua, kisha wayo ukaanguka: pa. Hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomtia hofu. Baba yetu alianza hivyo hivyo, kwa kuburuta mguu asubuhi. Kufika jioni alikuwa hawezi kusema.

Hakumwambia mtu. Msimamizi alikuwa na maneno yake kwa kila aliyechechemea: "Pole, mzee. Nenda kapumzike, na usirudi." Basi kaka akawa anatambaa kutoka kigae hadi kigae, na kila alipodhani haonwi, aliviamuru vidole vinyanyuke. Vilinyamaza kama mtoto aliyenuna.

Kesho yake, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitoka chumbani mwake, mlango wa pili, kwa kuisikia ile sauti.

"Fundi, hebu tembea tena."

"Ni kiatu tu, dada. Kimelegea."

"Kivue basi, tusikie kama kitalia peke yake."

Wenzake wakacheka. Akavua, akapiga hatua. Pa. Kicheko kikakatika.

"Niambie ukweli," alisema kaka kwa sauti ya chini. "Ni kiharusi?"

Mtaalamu akamtaka atabasamu, kisha ainue mikono yote miwili. Yote mawili aliweza. Ndipo akaufungua ule mpira. Chini ya goti, upande wa nje, ngozi ilikuwa imechimbika mfereji. Alipogonga hapo kwa kidole, kaka alihisi shoti kama ya umeme ikikimbia hadi juu ya wayo.

"Si kiharusi. Mshipa wa fahamu unazunguka kichwa cha mfupa huu mwembamba," alisema. "Hapa hauna nyama ya kuukinga, ni ngozi tu. Huo ndio unaonyanyua wayo. Wewe umeufunga kama mzigo, kisha ukauchuchumalia kutwa."

"Nguvu zitarudi?"

"Kama mshipa umebanwa tu, nguvu hurudi, kwa wiki au miezi. Kama umeharibika ndani, sijui. Daktari aupime."

Hilo "sijui" alirudi nalo nyumbani. Msimamizi alimwambia kwamba kujifunga mpira ilikuwa hiari yake. Hiari! Juzi nilikwenda kwenye ukumbi ule kuwaeleza wenzake. Watatu walifungua mipira. Wawili waliikaza, msimamizi akiwatazama.

Kila asubuhi kaka huketi ukingoni mwa kitanda na kuukodolea mguu, huku mkewe akijifanya anakunja nguo. Leo, nilipowatembelea, kidole gumba kilinyanyuka, unene wa kigae kimoja, kikaanguka.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona, baba watoto."

Alijaribu tena. Hakikunyanyuka. Nilipoondoka alikuwa bado anajaribu.