Dakika Kumi na Tano za Shadia

Ukifika ufukweni Katonga ukamtafuta Shadia katikati ya akina mama wanaoanika dagaa, mtazame yule mwenye fundo kwenye pindo la kanga. Wageni hudhani amefunga fedha. Ni sukari, hii hii ya dukani, vijiko vinne ndani ya kipande cha nailoni, na haiachi hata akienda kunawa miguu ziwani.

Ana miaka ishirini na saba. Kisukari kilimkuta na miaka kumi na moja, akiwa darasa la tano hapo Ujiji alikozaliwa. Alikuwa akinywa maji kama anayezima moto, akakonda mpaka sketi ya shule ikawa inamvuka njiani, na asubuhi moja hakuamka. Hospitali walipomzindua walimweleza mama yake kwamba mwili wa mtoto umeacha kutengeneza insulini, hivyo atachoma sindano kila siku ya maisha yake.

"Mtoto na kisukari?" majirani walishangaa. "Si ugonjwa wa wazee wenye vitambi huo?"

"Basi wangu kazaliwa mzee," mama akawajibu, akamfundisha binti kujichoma pajani kabla hajamfundisha kusonga ugali. Friji hawakuwa nayo, na mpaka leo hawana. Dawa hukaa kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, na mchanga huo Shadia huumwagia maji asubuhi na jioni.

Wengi hufikiri ukishachoma sindano umemaliza. Laiti ingekuwa hivyo! Shadia anaweza kunywa uji ule ule, kikombe kile kile, na dawa kiasi kile kile, leo kipimo kikasoma saba, kama inavyotakiwa, kesho kumi na nane, keshokutwa tatu. Malaria huipandisha sukari. Kubeba mabeseni juani huishusha, na siku nyingine haishuki hapo hapo, inamngoja afike nyumbani. Yeye husema sukari yake ina tabia za ziwa: limelala asubuhi, saa nne linapindua mitumbwi.

Na vijikaratasi vya kupimia havipatikani kila mara, kwa hiyo amejifunza kuusikiliza mwili. Sukari ikianza kushuka, midomo humfa ganzi, jasho la baridi humtoka, kisha hukasirika bila sababu. Dalili hii ya tatu anaijua zaidi Marcelina, mama mmoja wa Kiha kutoka Kalinzi, ambaye kichanja chake cha kuanikia dagaa kimepakana na cha Shadia.

"Ehe! Leo umenitukana mapema," humwambia. "Lamba sukari yako kwanza, tutagombana baadaye."

Basi, mwezi wa tatu mwaka huu, Mama Gervasi, kiongozi wa kikundi chao, alipata habari kwamba binti yake wa Kidahwe anakaribia kujifungua. Angeenda kukaa naye mwezi mzima. Nani asimamie vichanja? Msimamizi ndiye anayechagua dagaa mitumbwi ikiingia, ndiye anayepanga nani aanike wapi, na likitokea la kutokea, neno lake ndilo linalofuatwa. Shadia aliitaka kazi ile mpaka akaona aibu kuitamka. Akaitamka vile vile.

Wenzake kila mmoja akatazama vidole vyake. Aliyesema ni Marcelina.

"Mdogo wangu, nakupenda. Lakini ya mwaka jana je?"

Mwaka jana mvua iliwafumania. Shadia alihisi midomo ikifa ganzi, akaona haya kuwaacha wenzake, akaendelea kukimbia na beseni mpaka akaanguka kifudifudi juu ya dagaa. Wote waliacha kazi wakambeba zahanati. Waliporudi, dagaa wakavu walikuwa wamelowa, wakaenda kuwa chakula cha kuku.

"Nitaamua Ijumaa," Mama Gervasi alisema.

Alhamisi, saa nane mchana, jua lilikuwa linaunguza. Kila mtu alikuwa akitupia jicho upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, na kule kweupe. Wingu likaja kwa nyuma, kutoka milimani.

"Mvua! Mvua jamani!"

Akina mama kumi na wawili wakarukia vichanja. Shadia alikwenda mara mbili ghalani na beseni kichwani, na mara ya tatu, katikati ya ufukwe, midomo ikaanza. Akajua. Akajua pia kwamba kesho ni Ijumaa. Akisimama sasa, watasema si mnaona? Akiendelea, hatua hamsini hazimalizi.

Akatua beseni. Akageuza ndoo, akakaa juu yake, akafungua fundo na kumimina sukari yote mdomoni; hospitali walimfundisha kungoja dakika kumi na tano mpaka ipande mwilini.

"Shadia!" Mama Gervasi alipaza sauti. "Unakaa?"

"Nimekaa, mama! Dakika kumi na tano!"

"Mvua haina dakika!"

Mikono ilikuwa inamtetemeka, moyo unapiga kama mtu anayegonga mlango. Lakini ukikaa, wenzangu, huona yasiyoonwa na wanaokimbia. Wote walikuwa wamejazana kwenye vichanja vya karibu na ghala, na vile vilikuwa na dagaa wa asubuhi ile, wabichi, ambao wakilowa leo wengi wao huweza kuanikwa tena kesho. Wakavu, waliobakiza kutiwa kwenye magunia, walikuwa mwisho kabisa kwenye mitumbwi, na huko hakukuwa na mtu.

"Waacheni hao!" Sauti ilimtoka kali, maana zile hasira za sukari zilikuwa hazijaisha, na siku hiyo zilifaa. "Marcelina, acha wabichi! Wakavu wako kule mwisho! Frida, turubai! Si hapo, kule! Mama Gervasi, na wewe!"

Wakageuka, wote, na Mama Gervasi akiwemo. Hakuna aliyeuliza anaamrishwa na nani. Kichanja cha Shadia mwenyewe kilikuwa miongoni mwa vile vya wabichi, akakiacha kikanyeshewa mbele ya macho yake.

Mvua ilipokolea alijikongoja hadi kwenye ukuta wa ghala, akajipima. Nne nukta tisa, imeanza kupanda. Akala kiazi chake kitamu kwanza, chote, bila kuharakisha, ndipo akarudi kubeba. Dagaa wakavu walipona wote. Wabichi wa vichanja viwili waliharibika, na kimoja kilikuwa chake.

Ijumaa asubuhi Mama Gervasi aliwakusanya.

"Jana uliniudhi ulipokaa," akamwambia Shadia.

"Nami niliogopa, mama. Lakini mwaka jana sikukaa, mkanibeba. Nikikaa mwenyewe, nainuka mwenyewe."

Mama Gervasi akamgeukia Marcelina. "Na wewe uliyempinga?"

"Mimi nilisema mbio hawezi," Marcelina akajibu. "Kusema sikumkataza, na jana kasema mpaka sasa masikio yananiuma."

Wakaangua kicheko. Mama Gervasi akauliza nani anamtaka Shadia awasimamie, na mikono ikanyooka, wa Marcelina ukiwa juu kuliko yote. Shadia akasimama. Hakutoa shukrani ndefu.

"Mkiniona nimekaa, msinivute mkono. Na mkinikuta nimeanguka, mjue la kufanya. Sikilizeni." Akawaeleza, polepole, mara mbili. "Dada Marcelina, rudia."

"Akiwa macho, sukari. Akizimika, hatumtii kitu mdomoni, tunamlaza ubavu, tunamkimbiza zahanati. Akinitukana, simjibu."

"Hilo la mwisho sikulisema."

"Nimeongeza mimi."

Mitumbwi ilikuwa inaingia. Shadia akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Haya, Frida na dada Marcelina, twende tukachague dagaa. Na leo wabichi wanaanikwa kule mwisho, wakavu wakae karibu na ghala."

Akatangulia, nao wakamfuata.