Mtumbwi wa Injinia Deus uliokataa kuzama

Habari za humu wakuu. Kisa hiki nakisimulia kama nilivyokiona, chumvi sijaongeza, chenyewe kilikuja kimekolea.

Nakaa Milanzi, Sumbawanga. Nina mshikaji, tumwite Deus, anajiita Injinia. Alisoma kozi ya kompyuta, akarudi na miwani na Kiingereza cha puani.

Shirika moja likatupa kazi sisi wawili: tengenezeni simulation ya mtumbwi, yaani mtumbwi wa kuigiza kwenye kompyuta, wenye mitumbwi kule bondeni Ziwa Rukwa waone kinachotokea wakizidisha mzigo. Watu wanakufa kule, siyo utani.

Deus akachukua upande wa maji. Code yake fupi: kitu kikigusa maji, kisukumwe juu mpaka kielee. Basi.

Nikamwambia maji yanasukuma kulingana na sehemu iliyozama tu, mzigo ukizidi yanashindwa. Akanicheka, eti naleta fizikia ya form three kwenye kazi ya watu wazima. Akaendelea kupaka mawimbi rangi.

Nikatengeneza yangu pembeni. Nikaugawa mtumbwi vipande, kila kipande kinapimwa kimezama kiasi gani. Kwa sura, sanduku la viatu kabisa.

Siku ya demo, yaani ya kuwaonyesha kazi wenye mitumbwi, tukashuka bondeni hadi ukumbini. Joto lile, na Deus kavaa suti.

Akapakia magunia ya mahindi kwenye screen. Unaelea. Akaongeza ng'ombe. Unaelea. Akazidi kuongeza, ng'ombe wamepangana kama matofali, mtumbwi unacheza tu kwenye mawimbi mazuri. Jasho likaanza kumtoka.

Mzee mmoja mwenye mtumbwi, tuliyempa shikamoo pale mlangoni, akasimama taratibu.

"Kwa hiyo tulikuwa tunaonewa kuambiwa tupunguze mzigo. Kesho napakia mpaka juu."

Ukumbi ukapiga makofi. Na Deus, wakuu, akainama kushukuru.

Hapo nikashindwa kukaa. Nikachomeka laptop yangu bila kuomba ruhusa. Nikapakia magunia kidogo kidogo. Sanduku la viatu likalala upande, maji yakaingia, likaenda chini na vyote vilivyomo.



Yule mzee akaomba nirudie. Nikarudia. Akawa anahesabu magunia kwa kidole, kisha akakaa.

"Hayo ndiyo ninayopakia kila siku ya mnada," akasema. "Na watu juu yake."

Hakuna aliyepiga makofi.

Nilichojifunza: ukitengeneza kitu cha kuelea, kwanza jitahidi kukizamisha. Kikikataa kabisa, una katuni.

Deus hadi leo profile yake inasema "mtaalamu wa maji".

Nani mwingine demo imewahi kumuumbua mbele ya watu? Shusheni visa. Mainjinia wa miwani mnakaribishwa pia, ila mje na code.