Majina Kwenye Mpira wa Achol

Mafuta ya mkia wa kondoo yakiyeyushwa juu ya makaa hutoa harufu nzito inayokaa kooni, na kila ninapokutana nayo hapa Lodwar mimi hubadilisha njia. Wenzangu hudhani ninaringa. Waache wadhani, lakini wewe nitakuambia.

Nilisoma Kakuma, darasa moja na Achol. Mimi nilikuwa Mturkana wa hapohapo mjini; yeye alikuwa Mdinka wa kambi ya wakimbizi, aliyekuja na mama yake kutoka Sudan Kusini. Mkono wake ulikuwa na shabaha ya ajabu. Mimi niliyekua nikirudisha mbuzi kwa mawe sikumfikia hata robo, na kusema kweli jambo hilo liliniudhi kidogo.

Tukiwa darasa la sita, kanisa lilileta mzee Mmarekani aliyewahi kucheza besiboli. Alikuja na sanduku la vitu vyake mwenyewe alivyotunza tangu ujana: kofia zilizopauka, glavu za ngozi, na mipira myeupe iliyoandikwa kwa wino majina ya wachezaji wenzake. Kwa wiki mbili alitufundisha kurusha na kudaka kwenye kiwanja chenye miiba kuliko nyasi. Siku ya kuondoka alimpa Achol mpira mmoja. Akamwambia, mkalimani akitafsiri, kwamba wageni kutoka kwao wangekuja mwaka unaofuata kuchagua wasichana wa kwenda kusoma huko. Awaonyeshe majina yale, nao wangejua mzee mwenyewe ndiye aliyemchagua. Mwalimu wetu alizoea kusema ahadi ni deni, na sisi tuliamini hata Marekani hufundishwa hivyo.

Mwisho wa mwaka mvua ilinyesha, laga, ule mto wa mchanga ulio mkavu karibu mwaka mzima, ikafurika na maji yakaingia nyumbani kwao. Achol akanikabidhi mpira, kwa kuwa nilikuwa nakwenda likizo kwa nyanya Lodwar.

"Chunga hii kama jicho," aliniambia. "Hii ndio shule yangu."

Niliuchunga, tena kupita kiasi. Niliona joto la Lodwar linaikausha ngozi ya ule mpira, nikampelekea nyanya. Yeye alikuwa fundi wa ngozi. Sketi alizoshona zilivaliwa kwenye harusi mpaka Kataboi. Kwetu ngozi haiachwi ikakauka. Kuiacha hivyo ni uvivu, na ni kumdharau mnyama aliyeitoa. Nyanya aliugeuzageuza mpira, akatikisa kichwa.

"Nani amechafua hii na kalamu? Watoto wa siku hizi hawaheshimu ngozi."

Nilipaswa kusema. Nyanya hakujua kusoma, lakini mimi nilijua. Basi tu, nilidhani wino ukishakauka hautoki tena. Nikamletea makaa. Alipaka mafuta, akachanganya na udongo mwekundu, akasugua asubuhi nzima huku akiimba. Mpira ukatoka mwekundu, laini, unang'aa, na kwa muda mfupi nilijivunia. Kisha nikayatafuta majina, nisione hata herufi moja.

Shule zilipofunguliwa nilimrudishia Achol mpira wake. Aliunusa, akautazama pande zote.

"Malesh," alisema, neno lao la kumwambia mtu si kitu. Lakini hakunitazama usoni, na siku ileile alihamia dawati lingine.

Wageni walikuja kweli. Achol alisimama mstari wa mbele, mpira mwekundu mikononi. Walitabasamu, wakasifu ufundi wa wenyeji, wakampiga picha, wakaenda zao. Mwaka uliofuata yeye na mama yake walipanda lori, wakapitia Lokichoggio kurudi kwao. Hakuniaga. Tangu hapo nimemuulizia kwa kila mtu anayetoka upande ule, na hakuna anayemjua.

Miaka mingi niliibeba hatia ile. Nyanya alifariki bila kuambiwa, kwa maana sikuwa na moyo wa kumwambia. Kisha majuzi, nikiwa Kalobeyei kikazi, niliingia dukani kuchaji simu. Kwenye rafu, kati ya sabuni na betri, kulikuwa na mpira wa besiboli, mweupe, majina yote yanasomeka. Nilimuuliza mwenye duka, mwanamke wa rika langu, ameutoa wapi. Akacheka.

"Mzee fulani alinipatia nikiwa mtoto huko Kakuma. Alisema nionyeshe wageni, watanipeleka kusoma. Nilionyesha, dada. Walisoma majina yote, halafu wakaniuliza kama nauza."

Kumbe kosa halikuwa la mafuta, wala la nyanya, wala langu. Majina yale hayakuwa yamefungua mlango kwa mtu yeyote. Ungedhani nilipumua. Nililia pale dukani, mbele ya mtu nisiyemjua, kwa sababu Achol, huko aliko, kama bado yupo, anaamini kwamba mlango ulikuwepo na kwamba mimi ndiye niliyemfungia.