Kifaa Kisichofanya Kazi Jumapili

Jirani yangu alikuja kwangu Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni, saa nane mchana, akiwa bado amevaa kitenge cha umoja wa wanawake wa parokia. Nilimsogezea kiti karibu na jiko la mkaa, kwa maana Juni ya Njombe haina huruma. Hakukaa.

"Binti yangu amepiga simu kutoka Makambako," alisema. "Analia. Anajua."

Nilimwuliza anajua nini, ingawa nilikwisha kuelewa.

"Mama Katibu, usinifanyie hivyo. Nilikuandikia wewe. Padri sikumwambia, dada yangu wa tumbo moja sikumwambia."

"Sijamwambia mtu yeyote."

"Basi labda amesema paka wako."

Alitoka, akaurudisha mlango taratibu mpaka ukashika. Afadhali angeubamiza.

Tumekuwa majirani hapa mtaa wa Ramadhani kwa miaka kumi na tisa. Nyumba yake iko bondeni, yangu iko juu, na kati yetu kuna kinjia chenye utelezi ambacho marehemu mume wangu alikichimbia ngazi za udongo. Alipofariki, tarehe 3 Agosti, miaka sita iliyopita, jirani huyu ndiye aliyelala sakafuni pamoja nami mpaka tulipoanua matanga. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, naye alilijua hilo. Kila nilipotaka kulia alitafuta sababu ya kuwatuma wengine kisimani.

Siri yenyewe ilinifikia Jumatatu, tarehe 19 Mei. Aliniandikia kwa wasapu, ujumbe mrefu, akaeleza kwamba ameandika kwa sababu mdomo ungekataa. Alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitali walikuwa wamechukua kinyama wakakipima, na daktari alitaka kumpasua mapema. Lakini binti yake alikuwa anaolewa Makambako, Jumamosi, tarehe 19 Julai, na yeye alikuwa ameamua kwamba kisu kitasubiri harusi. "Nataka siku moja tu watu watazame gauni langu," aliandika. "Baada ya hapo wanitazame wanavyotaka. Litunze hili." Nilimjibu kwamba nimelitunza. Sikumshauri zaidi ya mara moja, naye alinijibu kwamba hakuomba ushauri.

Mimi ni katibu wa jumuiya yetu, na watu hunipa maneno yao niyahifadhi, na nadhani ni kwa sababu maneno ya kuandikwa niliyapata kwa shida. Nilianza kisomo kijijini Mawengi nikiwa na miaka ishirini na tisa, mtoto mgongoni, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea nikiwa na miaka arobaini na saba, nimeketi kati ya watoto walioniamkia shikamoo kabla ya kufungua karatasi. Tangu kisomo nimekuwa na daftari la siku. Kila siku naandika mstari mmoja au miwili: nimekwenda wapi, nani amekuja, mvua imenyesha saa ngapi. Mtu mwenye daftari la namna hiyo huzoea kuaminiwa, na akishazoea hukasirika upesi anapotiliwa shaka.

Mimi nilikasirika. Jumatatu sikushuka kinjia. Nilisikia ndoo zake, nikamsikia akimwita mbuzi wake, nikabaki ndani. Niliona kwamba aliyenituhumu bila ushahidi ndiye anayepaswa kupanda.

Jumanne, tarehe 10 Juni, asubuhi, nilipomaliza kumkatia ng'ombe majani, nilikaa kizingitini na simu. Nilitaka kuusoma tena ule ujumbe kisha niufute, ili siku nyingine asiweze kusema kwamba ulitoka kwangu. Simu yangu nimeiweka katika Kiswahili. Nilibonyeza vile vidoti vitatu vya pembeni, na kwa kuwa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani hasomi kwa kuruka, nikasoma kila mstari uliotokea. Mmoja uliandikwa: Vifaa vilivyounganishwa. Sikuwa na kifaa chochote cha kuunganisha. Nikaufungua.

Kilikuwemo kimoja. Kilikuwa kompyuta. Ilielezwa kwamba ilitumika mara ya mwisho leo, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Nilitazama saa ya ukutani kupitia mlango ulio wazi. Ilikuwa saa nne na robo.

Sijawahi kumiliki kompyuta. Mahali fulani mtu alikuwa ameketi mbele ya maneno yangu yote: salamu za wanangu, orodha ya wagonjwa wa jumuiya, mama mmoja aliyeniomba nimwombee mumewe aache pombe, na ule ujumbe wa tarehe 19 Mei.

Chini ya jina la kile kifaa palikuwa na neno la kukiondoa. Kulibonyeza ni kazi ya kidole kimoja. Sikulibonyeza siku ile wala siku sita zilizofuata, na hilo ndilo ninaloona aibu kuliandika. Nilijiambia kwamba nikikifunga sitamjua mwizi, na bila mwizi sitakuwa na la kumwambia jirani. Akina mama wa jumuiya niliwatangazia kwamba simu yangu ni mbovu, wasiniandikie. Wawili waliniandikia hata hivyo. Nami nikaanza kukiandikia kile kifaa daftarini kama mtu anavyomwandikia mgonjwa joto lake.

Jumatano kiliamka saa mbili na nusu asubuhi, kikalala saa kumi na moja jioni. Alhamisi vivyo hivyo. Ijumaa kilikaa kimya kuanzia saa sita hadi saa tisa. Jumamosi kiliwahi kulala. Jumapili hakikuamka kabisa. Kufikia Jumatatu, tarehe 16, nilikuwa nimeelewa kwamba kifaa hiki kilikuwa na saa za kazi na kilikwenda kanisani. Hakikuwa cha shemeji yangu wa Manda, ambaye nilikwisha kumwona katika mawazo yangu akinipeleleza kwa ajili ya shamba la marehemu. Hiki kilikuwa kifaa cha dukani au cha ofisini.

Nilirudi nyuma katika daftari ukurasa kwa ukurasa. Alhamisi, tarehe 15 Mei: "Semina ya umoja, Makambako. Upepo mkali. Nimechapisha taarifa steshenari ya karibu na stendi."

Hapo nilikumbuka kila kitu, hata yale ambayo sikuyaandika. Taarifa ya robo mwaka ilikuwa kwenye simu. Mwanamke wa steshenari, mtu wa miaka thelathini na kitu mwenye koti la sufu, alinyoosha mkono akasema, "Nipe simu, Mama, nikuunganishie na kompyuta." Nilimjibu kwamba nitaunganisha mwenyewe. Nilielekeza kamera kwenye ule mraba wenye madoa kama nilivyokuwa nimewaona wengine wakifanya, na taarifa ikatoka, kurasa nne, safi. Nilipomaliza nilibonyeza alama ya kufungia ukurasa, na ukurasa ukatoweka. Yule mwanamke aliuliza, "Nikuangalizie kama umefunga vizuri?" Nilisema nimefunga. Wenzangu wawili wa umoja walikuwa wamesimama mlangoni wakinitazama. Nilitaka waone mwanamke wa umri wao asiyehitaji kuangaliziwa.

Jumanne, tarehe 17 Juni, nilikwenda Makambako. Upepo ulikuwa uleule, unaokokota mifuko ya plastiki barabarani na kufanya watu wazungumze wakiwa wamegeuza nyuso. Steshenari ilikuwa wazi. Kompyuta zilikuwa mbili, moja mezani na nyingine pembeni chini ya kalenda, ile niliyochapishia Mei.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Fungua wasapu kwenye ile ya pembeni, mwanangu."

Hakuuliza kwa nini. Aliinuka, akafungua, na jina langu likatokea, na chini yake majina ya watu wangu wote kwa mpangilio ninaoujua. Alibaki amesimama, mkono juu ya kiti.

"Nilitaka kukutoa siku ileile," alisema. "Mteja aliyefuata alitaka kutuma picha, nikakuta bado umo. Nikasema nitakutoa mteja akiondoka. Kisha zikaja kazi."

"Na kusoma? Nako kulikuwa kazi?"

Alivuta boksi lililokuwa chini ya meza, akaniwekea kadi mkononi. Ilikuwa kadi ya harusi, nzuri, yenye utepe wa dhahabu, jina la binti wa jirani yangu na tarehe: Jumamosi, 19 Julai.

"Kadi zake ndizo nilizokuwa nachapa, Mama. Mia mbili. Ujumbe ukatokea pale pembeni, nikaona Makambako, nikaona tarehe hiyohiyo, nikaona jina la binti. Ungekuwa wewe usingesoma?"

Nilitaka kusema nisingesoma.

"Niliusoma, nikakaa nao wiki mbili," aliendelea. "Alipokuja kuchukua kadi, anacheka, ananionyesha picha ya gauni la mama yake, nikashindwa. Nikamwambia. Kwa huruma, Mama, Mungu ananiona. Aolewe, acheze, halafu aje ajue mama yake alikuwa anaoza anasubiri keki?"

"Halikuwa lako kulisema."

"Halikuwa langu. Lilikuwa lako, na wewe ulilikalia."

Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja bei. Kisha akaongeza, "Kadi zote hazifai. Wamesogeza. Binti amekataa harusi mpaka mama apasuliwe kwanza."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia tangu asubuhi, maneno mazito, yenye sheria na dini ndani yake. Niliyatafuta nikaona yote yanaanzia mahali ambapo mimi ni msafi. Nilitoa simu, nikafungua vile vifaa vilivyounganishwa, nikabonyeza neno la kukiondoa. Kwenye kompyuta ya pembeni majina yalitoweka, ukarudi ule mraba wenye madoa. Yule mwanamke aliniletea maji. Niliyanywa, nikashukuru, nikaondoka.

Nilirudi Njombe alasiri, nikashuka kinjia moja kwa moja bila kupita kwangu. Nilimkuta uani akichambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene," nilimsalimu kwa Kibena.

Aliitika kwa kichwa. Nilimweleza yote kuanzia tarehe 15 Mei: mraba, ukurasa niliodhani nimeufunga, swali la yule mwanamke na jibu langu. Nilimweleza na wale wenzetu wawili waliosimama mlangoni, ingawa ningeweza kuwaacha. Aliendelea kuchambua. Mawe madogo aliyatupa upande mmoja, maharage yaliyotobolewa upande mwingine.

"Kwa hiyo hukusema," alisema hatimaye.

"Sikusema. Nililiacha wazi."

"Na ukajua lini?"

"Jumanne, tarehe 10."

"Leo ni tarehe ngapi, Mama Katibu?"

"Kumi na saba."

"Siku saba. Mimi huku nalala nikijua umeniuza, wewe huko juu unaandika kompyuta imeamka saa ngapi."

"Nilitaka kuwa na hakika."

"Ulitaka kwanza upate mwingine wa kulaumiwa, ndipo ushuke."

Aliupepeta ungo mara mbili, akauweka chini.

"Unajua kilichoniuma ni nini?" aliuliza. "Si kwamba wamejua. Wangejua tu. Lile gauni nimelijaribu jana mbele ya binti alipokuja. Hakulitazama. Alikuwa ananitazama hapa." Aligusa kifua chake kwa vidole viwili, upesi, kama mtu anayepangusa unga. "Basi. Nenda ukapumzike, umetoka safari."

Alipasuliwa Jumatano, tarehe 2 Julai. Daktari alisema amewahi, na kwamba kuchelewa zaidi kungeleta mambo mengine. Harusi imesogezwa hadi mwezi wa kumi. Katika jumuiya wanasema ni Mungu aliyefungua ile siri, na kila wanaposema hivyo wananigeukia ili niitikie, kwa maana mimi ndiye husoma nia za maombi. Nasoma nia inayofuata. Huenda ni kweli. Mimi sijaweza kulitamka jambo hilo, na mwenye titi naye hajalitamka.

Jambo moja limebadilika. Tangu Juni hajaniandikia hata neno. Alipotoka hospitali, kila alipokuwa na jambo alipanda mwenyewe zile ngazi za udongo, mkono wa kushoto ameushikilia kifuani kwa kitenge, akisimama kila ngazi tatu. Alinieleza habari za dawa zinazomtapisha, akanywa chai, akateremka. Mara ya tatu nilimwambia angeweza kunitumia ujumbe nikashuka mimi. Alinitazama, akasema atapanda.

Kwa hiyo siku hizi nashuka kabla hajaanza kupanda. Saa nne kamili, ng'ombe akishapata majani, mvua iwepo isiwepo. Sibishi hodi kwa sauti, kwa sababu asubuhi nyingine huwa amesinzia kitini. Leo alikuwa macho, miguu juani, kichwa amekifunga kitambaa kwa ajili ya nywele zinazotoka.

"Simu umeiacha?" aliuliza, kama anavyouliza kila siku.

"Iko mezani, nyumbani."

Alisogeza miguu kunipisha nafasi kwenye benchi.

"Basi kaa," alisema. "Usiku huu sikulala kabisa. Nikuambie."