Kombe Nililotaka Kulirudisha

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Shule kule Machame aliniangalia kuanzia viatuni hadi kichwani, na kwa kimo changu hiyo ni safari. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na cheti cha kufundisha Jiografia, nimevaa suruali ya kuazima iliyoishia juu ya vifundo vya miguu. Hakuniuliza lolote kuhusu Jiografia. Alisema, "Mwalimu, wewe umeumbiwa mpira wa kikapu. Kuanzia kesho jioni timu ya wasichana ni yako."

Nilimweleza kwamba chuoni nilicheza kidogo tu, tena muda mwingi nilikaa benchi. Akanijibu kwamba hata benchi liko uwanjani, akanikabidhi ufunguo wa stoo. Ndani nilikuta mipira miwili, mmoja umepasuka, na ringi moja iliyopinda. Ndivyo nilivyoanza. Nyinyi makocha wa leo mnaojifunza mbinu kwenye simu, msinicheke. Sisi tulijifunza kwa kukosea mbele ya watoto, na watoto wa Machame hawasahau.

Mchezo huu unaanzia miguuni. Ukishadaka mpira, mguu mmoja unabaki pale pale ulipokanyaga na mwingine ndio unaozunguka. Ukiuinua ule wa kwanza kabla ya kudunda, tunasema umetembea, na mpira wanapewa wapinzani. Hilo watoto walilielewa upesi. Tatizo kubwa la timu yangu ya kwanza lilikuwa adabu. Binti wa kidato cha kwanza akimwona dada wa kidato cha nne anakuja na mpira, alisogea pembeni kumpisha, utadhani wamekutana kwenye kijia cha migombani. Mmoja alimpokonya mkubwa wake mpira vizuri kabisa, kisha akamwomba samahani na kumrudishia. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Mwishowe nikaweka sheria: shikamoo zote zimalizike kabla ya filimbi, na filimbi ikishalia hakuna mkubwa wala mdogo.

Mzazi mmoja alipanda shuleni kunishtaki kwamba nafundisha utovu wa nidhamu. Mkuu wa Shule alimsikiliza mpaka akamaliza, akamwuliza kama binti yake ameacha kuamkia watu nyumbani. Hakuwa ameacha. Shauri likaishia hapo, na yule binti baadaye akawa nahodha wangu.

Kutoka Machame, Afisa Elimu alinihamishia tambarare, kwenye shule ya watoto wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Wazazi wao walitoka kila kona ya nchi, na watoto walikuwa warefu na wenye mbio. Nilidhani nimefika peponi. Kumbe kila mmoja alitaka kufunga yeye, na pasi kwao ilikuwa kama sadaka, unaitoa ukiwa umebanwa. Nilipiga marufuku kudunda mpira mazoezini kwa muda mrefu. Wakabaki hawana njia nyingine ila kutazamana na kupeana. Walininunia sana, lakini walikuja kucheza mpira mzuri kuliko timu zangu zote.

Huko ndiko nilikooa. Mke wangu alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke mfupi wa kwao Uru, mwenye maneno machache yasiyohitaji kurudiwa. Tulipopata mtoto wa kwanza tukamwita Aika, jina ambalo kwetu Wachagga ni asante. Mama Aika alikuwa na zamu za jioni, mimi nilikuwa na mazoezi ya jioni, na ndugu wote walikuwa huku juu mlimani. Kwa hiyo nilimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, mwanamume mzima, nikaingia naye uwanjani nikipuliza filimbi. Wanaume wa kambi ya wafanyakazi walinicheka, wakanipachika jina la Mama Kocha. Niliwaacha wacheke. Mtoto alikuwa analala usingizi mzuri, na sijawahi kuvaa kitu kilichonipa fahari kama kanga ile.

Aika alipokaribia kuanza sekondari nilihamishiwa Uru, na huko nikamaliza kazi. Uwanja wa Uru ulikuwa mteremko. Goli moja lilikuwa juu na jingine chini, na mpira ukitoka nje haukuwa na haraka ya kusimama: ulipita kwenye kahawa za jirani, ukatumbukia kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, na ukichelewa unausikia uko kijiji cha pili. Watoto walijifunza kudunda mpira chini chini, karibu na goti, kwa sababu anayepoteza ndiye anayefuata. Tulipokwenda kucheza mjini kwenye uwanja sawa walishangaa. Walirusha kana kwamba goli bado liko juu yao, na mpira ukapita juu ya ubao.

Nikaenda kwa Mkuu wa Shule kuomba saruji ya kusawazisha. Alikuwa mama mkali, mlezi wa watoto wengi na mkulima hodari. Akaniambia, "Mwalimu, kikapu cha kwenda sokoni nakijua. Hiki chenu kinabeba nini?" Nikarudi darasani kufundisha aina za mawingu. Muhula uliofuata aliona mwenyewe kwamba wasichana wa timu ndio wanaofika shuleni kabla ya kengele, hata siku za mvua. Saruji ikaja bila maelezo, na yeye mwenyewe akaja siku ya kumwaga zege, amejifunga kanga kiunoni, akitukosoa.

Sasa niwaambie kuhusu Aika. Nilimwomba Mungu arithi kimo changu, akarithi cha mama yake. Alicheza kwa bidii, lakini moyo wake haukuwa kwenye kufunga. Ulikuwa kwenye haki. Tukiwa jikoni akimenya ndizi, ananiambia kwamba namba saba wangu anatembea kila akigeuka, na mimi najifanya sioni. Nilikuwa najifanya kweli. Siku moja akaweka kisu chini akasema, "Baba, mimi sitaki kucheza. Nataka kuchezesha."

Iliniuma, sitaficha. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilimlea kwenye filimbi, sijui nilitegemea nini. Hofu yangu ilikuwa moja: nani mlimani hapa atakubali binti mdogo, mfupi, awaamrishe watu wazima? Mchezaji akikosea anazomewa siku moja, lakini mwamuzi akishaitwa mwongo, jina hilo halifutiki. Nilimpeleka hata hivyo kwa Mwamuzi Mkuu wa mkoa, mzee mkavu aliyevaa viatu vyeupe hata kanisani. Alimjaribu, akaridhika, kisha akanivuta pembeni. "Nikimchukua, Mwalimu, uwanjani hana baba." Nikasema nimeelewa.

Alichezesha mechi ndogo ndogo misimu kadhaa, na hakupangwa hata mara moja kwenye mechi yangu, kama ilivyo kanuni. Kisha ikaja fainali ya shule, Uru na timu moja ya Himo. Ulikuwa msimu wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, na Uru haikuwa imewahi kuchukua kombe. Mchezo wetu huchezeshwa na waamuzi wawili, na mmoja wao gari lilimharibikia njiani. Aliyekuwepo mwenye cheti alikuwa Aika, aliyekuwa amechezesha mechi ya asubuhi. Mwamuzi Mkuu akatuita makocha. Niliyesita ni mimi. Kocha wa Himo, mtu mnene mwenye sauti ya kunadi mbuzi, alisema yeye hana neno, binti anamfahamu, waanze kabla mvua haijanyesha.

Mpaka dakika ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Mpira ukamfikia Paulina, mfungaji wangu, akiwa mbali na amebanwa. Wachezaji wangu wa akiba wote wakasimama mbele yangu. Niliona mikono hewani, nikasikia meza ya watunza muda inagonga kengele ya kumaliza, nikasikia wavu. Sheria iko wazi: mpira ukiwa umeshatoka mkononi kabla ya kengele, goli ni halali, ukiwa bado mkononi, si kitu. Mimi sikuona. Aliyekuwa na jukumu la kuona alikuwa Aika, naye alinyanyua vidole viwili akavishusha. Halali.

Kelele zilizofuata sijazisikia tena maishani. Kocha wa Himo alikuwa mbele ya wote. Wakapaza sauti uwanja mzima, "Mtoto wa kocha! Mtoto wa kocha!" Mwamuzi Mkuu alitangaza kwamba uamuzi hauguswi, wakazidi. Nilimwona mwanangu amesimama katikati, mpira kwapani, uso mkavu, na moyo wangu ukapasuka. Wasichana wangu wakipokea kombe, mimi nilikuwa nimeshaamua. Ningelirudisha, niombe mechi irudiwe, kelele ziishe na jina la mwanangu lisalimike. Kombe ni bati tu.

Nilimfuata nyuma ya madarasa alikokuwa anavua viatu, nikamwambia nia yangu. Alinisikiliza huku akikunja soksi.

"Ukilirudisha, Baba, umewaambia watu wote kwamba nimedanganya."

"Nataka kukulinda, mwanangu."

"Basi libebe. Ukitaka kunilinda, libebe upite nalo mbele yao."

Swali lilikuwa limenifika kwenye ulimi: mpira ulikuwa umetoka mkononi? Nikalimeza, kwa sababu mwamuzi mwingine yeyote nisingemwuliza. Nikalichukua kombe kwa nahodha wangu, nikapita nalo polepole katikati ya watu wa Himo, kichwa juu, masikio yanawaka moto. Ilikuwa ngumu kuliko kufungwa. Msimu uliofuata alianza kupangiwa mechi kubwa, na leo anasafiri mikoani na filimbi yake, na mabinti wa Uru wanamwomba awafundishe.

Watu huniuliza kazi hii imenipa nini. Nyumba yangu mnaiona, na ng'ombe wangu wawili mnawafahamu. Nilichopata ni kwamba nikishuka mjini, mama mtu mzima ananisimamisha barabarani, anainama kuniamkia, kisha ananionyesha mtoto wake alivyo mrefu. Kama wewe ni kocha na mzazi, nakuambia neno moja: utafika wakati mtoto atachukua njia usiyoijua wewe, na hapo kufundisha kumekwisha. Kilichobaki ni kumwamini, na hakuna chuo kinachofundisha hilo.

Nilipostaafu niliagwa shuleni, chini ya turubai, kwa mtori wa ndizi na pombe yetu ya mbege. Kocha wa Himo alikuja na beberu kama zawadi, akaomba aseme neno. "Siku ya fainali nilikuwa nimesimama sambamba na yule binti," alisema. "Kengele ilipolia, mpira ulikuwa hewani. Niliuona kwa macho haya. Lakini watoto wangu walikuwa wanalia, mbe, ndugu zangu, ningefanyaje?" Watu wakacheka na kupiga makofi.

Mimi machozi yalinitoka, na sikuyafuta. Niligeuka kumtafuta Aika. Alikuwa kwenye sufuria anapakua mtori, akanitazama kwa mshangao.

"Baba, kwani siku zote hizi ulikuwa hujui?"

"Sikujua," nikamwambia. "Nilikuamini tu."

Akauweka upawa chini, akaja akakaa karibu nami, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka hotuba zilipokwisha.