Dobi aliyekataa mpira wa kuhurumiwa

Haya alinisimulia mpiga plasta aliyekuja kunirekebishia ukuta wa jiko Jumanne iliyopita. Alianza huku anachanganya saruji, akaweka mwiko chini, akaketi juu ya ndoo, na ukuta ukasubiri mpaka adhuhuri. Kesho yake nikaenda kumtafuta huyo anayesimuliwa, nijue kama ni kweli. Ni kweli tupu.

Saa kumi na moja alfajiri, mlango wa nyuma wa hospitali uko wazi na mvuke unatoka kama wa sufuria iliyofunuliwa. Ndani ya chumba cha kufulia, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana anavuta shuka kutoka tumboni mwa mashine. Hazitoki moja moja. Zimejisokota pamoja kama kamba, kwa hiyo anashika ncha, anaegemea nyuma, anavuta, anapumua, anavuta tena.

Shuka moja ikilowa inafika kilo mbili hivi. Kwa siku zinapita mikononi mwake si chini ya mia tatu.

Hapa kila mtu anamwita Mama Shuka. Ana miaka hamsini na saba, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza ndani ya chumba hiki. Watoto wanne wamesomeshwa na mikono hii, wawili sasa wana watoto wao.

Lakini tangu mwaka jana, anasema, watu wameanza kumhurumia. Msimamizi mpya, kijana mwenye adabu zake, alimwomba ahamie meza ya kukunjia foronya akapumzishe mgongo. Wasichana wa zamu wanamwahi kapu kabla hajaliinamia. Nyumbani, mkwe wake akija hamwachi anyanyue hata birika.

"Wananipenda, siwalaumu," anasema bila kuacha kuvuta. "Ila mtu akishakupokea kila kitu, wewe unabaki umeshika nini?"

Jumapili ndiyo siku yake. Mchana anavaa raba, anafunga kilemba vizuri, anaenda uwanja ulio nyuma ya yadi ya matofali kucheza besiboli.

Usidhani ni timu ya mabingwa. Mchezaji mdogo kuliko wote ana miaka kumi. Mkubwa alikuwa dereva wa lori, sasa amestaafu, ana sabini na mmoja, na magoti yalipomgomea wakamfanya mwamuzi. Yupo muuguzi aliyecheza tangu chuoni, yupo kinyozi mwenye mdomo kuliko mbio, na wapo ambao mwaka jana walikuwa hawajui rungu linashikwa upande gani.

Kwa asiyeujua mchezo, ni hivi: mmoja anatupa mpira, mwenzake wa timu ya pili anajaribu kuupiga kwa rungu. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vitatu, na kila anayerudi alipoanzia, wenyewe wanapaita nyumbani, ni pointi. Akikosa mara tatu, ametoka.

Sasa watu wa umri mbalimbali namna hii wanachezaje pamoja bila kuumizana? Wana sheria yao. Mpigaji akisimama pale, anataja namba kwa sauti. Moja ni mpira wa polepole, mbili ni wa wastani, tatu ni wa nguvu zote. Hakuna anayekuchagulia. Mtupaji haruhusiwi hata kukuuliza kama una hakika.

Mama Shuka alipiga moja kwa misimu miwili. Mwaka jana akaanza mbili. Kisha, bila kumwambia mtu, akajaza soksi matambara, akaining'iniza kwenye kamba ya kuanikia uani kwake, na kila jioni akawa anaichapa kwa mpini wa ufagio. Alifanya hivyo miezi minne. Majirani walidhani anakung'uta mazulia.

Basi Jumapili ile ikafika. Mtupaji wa timu pinzani alikuwa huyohuyo mpiga plasta wangu. Mtu aliyerusha plasta ukutani miaka ishirini, mkono wake si wa kuuchezea. Tatu yake, wenyewe wanasema, unaisikia kwanza ndipo unaiona.

Timu ya Mama Shuka ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Wachezaji wao wawili walikuwa vituoni wakingoja kurudi nyumbani, na yeye ndiye mpigaji wa mwisho. Akipiga, wameshinda. Akitolewa, mchezo umekwisha.

Kinyozi, ambaye ni wa timu yake, akamfuata akimbembeleza kwa sauti ya chini ataje mbili, mbili anaiweza, mbili inatosha. Mama Shuka akamsikiliza mpaka mwisho. Akavaa kofia ngumu juu ya kilemba, akasimama mahali pake.

"Tatu," akasema.

Mpiga plasta anasema alimtazama mwamuzi apate msaada, mwamuzi akatazama viatu vyake mwenyewe. Sheria ni sheria.

"Nilimwona mama yangu amesimama pale," aliniambia juu ya ile ndoo yake. "Mkono ukakataa."

Akainua mguu kama anatupa tatu, akajikunja kama anatupa tatu, akatupa mbili.

Mama Shuka akaupiga katikati. Ukapita juu ya vichwa vya watu, ukaenda kudunda kwenye ukuta wa yadi. Wale wawili wakakimbia wakarudi nyumbani, timu yote ikaingia uwanjani, kinyozi akawa anacheza peke yake kama aliyepandisha mashetani.

Yeye alikimbia mpaka kituo cha kwanza, akasimama. Kisha akarudi taratibu, akaliokota rungu alipoliangusha, akaenda moja kwa moja kwa mtupaji.

"Mwanangu, ile ilikuwa ngapi?"

"Tatu, mama."

"Tatu ina mluzi. Mimi kila Jumapili nasimama nyuma huko naisikia ikiwapita wenzangu. Hii imekuja kimya."

Kinyozi akaingilia. "Mama Shuka, chukua ushindi wako twende. Mluzi nitakupigia mimi njiani, bure."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alisema kwa sauti ileile anayoombea sabuni kazini:

"Kazini wamenipa foronya. Nyumbani wamenipokonya birika. Hapa nilikuja kuomba tatu."

Hapo mwamuzi, yule mzee wa lori, akasogea akichechemea kwa goti, akamuuliza mpiga plasta ametupa ngapi. Mpiga plasta anasema angeweza kushikilia uongo wake, na timu zote mbili zingemshukuru, maana hata wenzake waliokuwa wameshindwa walishafurahi.

"Mbili," akasema.

Basi mpira uliotupwa kinyume na namba iliyotajwa hauhesabiwi. Wachezaji wawili wakarudishwa vituoni. Mmoja akatupa kofia chini. Kinyozi akaketi palepale kwenye nyasi, akashika kichwa, akauliza mbingu amekosa nini.

Tatu ya kwanza ilipita na mluzi wake. Mama Shuka alipiga hewa, na rungu lilikuwa bado njiani mpira ukiwa umeshalala kwenye glavu ya mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake. Ya pili akachelewa tena, ila si sana. Mpiga plasta alitaka kupunguza, akajikaza. Anasema hajawahi kutupa kitu kizito kama ule mpira.

Ya mwisho akaitupa kwa nguvu zake zote.

Ikasikika *tik*. Kidogo, kama kucha kwenye kikombe. Mpira ulikuwa umeligusa rungu, ukaingia moja kwa moja kwenye glavu. Mdakaji, yule muuguzi, akaushika usianguke, na kwa sheria za mchezo, hiyo ni kutolewa. Wakawa wamefungwa kwa pointi moja.

Mama Shuka akamgeukia muuguzi. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Umeugusa."

Hapo ndipo akacheka, tena kwa sauti, akiwa ametolewa na timu yake imeshindwa. Mpiga plasta akaja kumpa mkono wa kulia, ule wa kutupia. Yule wa miaka kumi, ambaye hajawahi kutaja namba nyingine ila moja, alisimama akimkodolea macho mpaka akaitwa mara mbili.

Wakati wa kuondoka, kinyozi akanyoosha mkono kumpokea begi kama siku zote. Akaurudisha.

"Begi zito, mama?"

"Zito."

"Basi libebe."

Jumatatu alfajiri alimwendea msimamizi, akamwambia kwa heshima kwamba foronya ampe mwenye mgongo mbovu. Msimamizi aliguna, akamwachia mashine. Sasa anachotaka ni kuupiga mpira wa namba tatu uende mbele, si kuugusa tu, kabla hajatimiza hamsini na nane. Imebaki miezi saba. Ile soksi imeshachanika, ameshona nyingine.

Ya nyumbani niliyapata kwa mumewe, fundi saa, mtu mpole asiyependa makelele ya uwanjani. Jumapili ile aliambiwa yote kwenye chakula, akauliza jambo moja tu: mpira wa namba tatu ukitoka mkononi mpaka kufika, unachukua muda gani?

Mkewe akagonga meza mara mbili. "Hapa unatoka. Hapa umefika."

Fundi saa akajaribu kugonga vilevile. Akaambiwa amechelewa. Akajaribu tena, akaambiwa bado. Wakagonga meza mpaka chai ikapoa, na alipoupata muda huo alitikisa kichwa.

"Na wewe ukapitisha rungu hapo katikati?"

"Nikapitisha."

Saa mbili usiku Mama Shuka alikuwa ameshalala, kwa kuwa saa kumi lazima awe macho. Mumewe akazima taa, akajilaza kando yake. Kwa vidole viwili akagonga mbao ya kitanda polepole asimwamshe, tak-tak, akitafuta mahali ambapo rungu lingeweza kupita. Hakupaona. Akagonga tena, akatabasamu gizani, na usingizi ukamchukua vidole vikiwa bado juu ya mbao.